Miezi tisa na mkono wa Socrates: nilivyojifunza rangi za mafuta kwa kunakili

Ukiingia hadwea yoyote hapa Dar ukasema nataka rangi ya mafuta, unapewa kopo la rangi ya milango, ile inayong'aa. Mi ndo nimekulia humo. Miaka kumi na moja nachora Tingatinga, twiga, tembo, samaki wenye macho makubwa, kwa rangi ya kopo juu ya amerikani, wazee wetu walianza na hadibodi na rangi za baiskeli toka kipindi cha Edward Tingatinga mwenyewe, 1968 huko. Kwahiyo mtu akiniambia habari za "rangi za mafuta" nilikuwa namwona kama anataka kunifundisha kusonga ugali.

Kumbe sizijui kabisa. Zile za kwenye tyubu walizotumia wachoraji wa zamani wa Ulaya ni kitu kingine, haziko hata ukoo mmoja na rangi ya geti. Naandika hii kwa ajili ya mtu aliyetoka kwenye rangi ya kopo kama mimi, au kwenye mabango ya saluni, au hata hajawahi kushika brashi, ambaye ameamua atajifunza mwenyewe nyumbani kwa kunakili picha moja kubwa ya kale. Inawezekana, nakuambia ukweli. Ila mimi imenichukua miezi tisa na shilingi 420,000, na katika hiyo miezi minne ya kwanza imeenda na maji yote.

Ilianzia kwenye mikono. Kuna familia walinipa oda nimchore mzee wao marehemu, wakanipa picha amekaa kwenye kiti mikono juu ya magoti. Uso ulitoka vizuri, hata mwanae alinyamaza kidogo alipouona. Mikono ikatoka kama ndizi mzuzu. Walichukua kwa adabu tu, wakalipa nusu, nusu ingine wakasema watanipigia, na mimi sikuwahi kuwadai maana nilijua. Kwenye Tingatinga mkono sio tatizo, ukichora mtu unamchora kwa mbali anatwanga au anavua, vidole havina kazi. Nikaanza kutafuta kwenye simu picha zenye mikono mingi nijifunze, ndo nikakutana na Kifo cha Socrates.

Ni ya Mfaransa Jacques-Louis David, aliichora 1787, sasa hivi iko New York kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan. Kama hujawahi kuiona: Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kahukumiwa kifo na watu wa Athens, hiyo ni mwaka 399 kabla ya Kristo, ana miaka kama 70, kakaa kitandani gerezani. Mkono wa kushoto kanyoosha kidole juu, bado anafundisha. Wa kulia unaenda kwenye kikombe cha sumu. Kijana anayempa kikombe kavaa nyekundu, hataki kuona, kajifunika macho. Rafiki yake Crito kakaa karibu kamshika paja. Mwisho wa kitanda kuna mzee kainamisha kichwa, huyo ni Plato mwanafunzi wake, na hapo David kaamua kutunga tu maana Plato kipindi hicho alikuwa kijana na mwenyewe kaandika kwamba siku hiyo alikuwa anaumwa, hakuwepo. Watu zaidi ya kumi na karibu kila mmoja mkono wake unasema kitu chake. Nikasema hii hapa, nikimaliza hii hakuna mzee wa mtu atakayenishinda mikono.

Kitu kizuri ni kwamba toka 2017 lile jumba limeachia picha zake za zamani bure, unadaunilodi faili kubwa kabisa, unavuta mpaka unaona nyufa. Na haki miliki hakuna shida, David amefariki 1825. Ila andika nyuma ya kitambaa kwamba ni nakala na jina lako, usiweke saini ya David mbele. Pale Louvre Paris wamekuwa wakiruhusu watu wanakili toka jumba lilipofunguliwa 1793 na sharti mojawapo ni kwamba nakala isiwe saizi sawa na ya asili. Ni ustaarabu mzuri, mimi nimeufuata japo hakuna mtu angenikamata Mbagala.

Mwezi wa pili nikaanza. Picha halisi ni sentimita 129.5 kwa 196.2, nikaamua nachora nusu yake, yani kama 65 kwa 98. Hesabu ilikuwa hivi: tyubu kumi ndogo 180,000, brashi tano 45,000, mafuta ya kitani (linseed, ya kuchanganyia rangi) chupa ndogo 25,000, tapentaini 12,000, amerikani mita mbili 10,000, mbao na fundi wa fremu 15,000, kuprinti picha 8,000. Jumla 295,000, na hiyo hela ilikuwa ya kodi, wife nilimwambia ni nusu ya hiyo. Tyubu kumi huhitaji, ntakwambia mbele. Hela ya kuprinti nayo huhitaji, stesheneri walinitolea Socrates mwekundu kama kachomwa jua Coco Beach, nikashinda wiki mbili nanakili wino wa printa badala ya David. Chagua skrini moja, mwanga wake uufunge usiwe unajipandisha na kujishusha wenyewe, ubaki na hiyo hiyo mpaka mwisho.

Sasa amerikani. Nikaiwamba vizuri, nikaipaka rangi nyeupe ya kopo inayong'aa mikono miwili, yani tabaka mbili, kama nilivyozoea, ikatoka laini kama sahani. Nikafurahi. Rangi ya tyubu ikifika juu yake inateleza, brashi inaivuta tu inaacha mistari, haishiki. Na ilipokuja kukauka ukikwangua na kucha inabanduka kama ganda la yai. Kinachotakiwa chini ni kitu chenye kiu kidogo na chenye ukwaru. Jaribio la pili nilipaka kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, maana mafuta yakigusa uzi mtupu yanauozesha taratibu, halafu mikono mitatu ya jeso, ile nyeupe maalum ya wachoraji, nilibahatika nusu kopo kwa rafiki yangu anayechora akriliki. Kila mkono ukikauka unapiga msasa mwepesi. Siku mbili imekwisha. Siku mbili ambazo ningezifanya mwezi wa pili nisingelia mwezi wa tano.

Kosa la pili lilikuwa la tabia, na hili ndo gumu maana huwezi kulinunulia dawa. Sisi Tingatinga tunaanza na rangi ya nyuma, halafu mnyama, halafu tunamzungushia mstari mweusi. Mstari ndo unamtoa tembo. Basi nikachora gridi, ile mistari ya miraba ya kupimia, nikaweka watu wote, nikawazungushia. Socrates na kundi lake wakatoka kama wamekatwa na mkasi kwenye gazeti wakabandikwa. Ukienda kwenye faili la David ukavuta pale bega linapokutana na ukuta, mstari hakuna. Kuna rangi moja nyepesi inakutana na rangi nyingine nzito kidogo, na sehemu zingine hazikutani hata, zinayeyukiana, huoni nguo inaishia wapi na kivuli kinaanzia wapi. Nilikaa na hiyo picha simu mkononi usiku mzima umeme umekatika, nashuka kwenye mkono wa Crito natafuta mstari, sioni.

Na weusi. Kila kivuli nilikuwa natia nyeusi, na kila mwanga natia nyeupe. Shuka ya Socrates nikaipaka nyeupe ya titani kutoka kwenye tyubu moja kwa moja, ikatoka kama shuka ya wodini, inapiga kelele kuliko uso wake. Tyubu ya nyeupe ikaisha katikati ya mwezi wa tatu wakati zambarau na kijani sijazifungua. Ngozi nikachanganya nyekundu na nyeupe, nikapata rangi ya bablishi. Mama mwenye nyumba alipita akauliza, "Baba, huyu mzee ni Nabii Musa?" nikamwambia hapana mama ni mwalimu wa zamani wa Wagiriki, akasema, "Mbona amepauka hivyo, anaumwa?" Nikajibu anataka kunywa sumu. Akaondoka bila neno.

Kilichonitoa hapo ni kipande cha karatasi. Nilichukua karatasi nyeupe nikatoboa tundu dogo kama punje ya mahindi, nikaiweka juu ya skrini ili nione rangi moja tu bila majirani zake. Nikaiweka kwenye shuka "nyeupe". Ndani ya tundu ikaonekana kijivu kama maji ya kufulia. Nikahamisha, kijivu cha kahawia. Nikahamisha tena, kijivu kinachoenda kwenye bluu. Nyeupe yenyewe ile unayoijua iko sehemu chache sana, begani pale na kwenye mikunjo michache, vidoa tu. Nikaenda kwenye ngozi ya mkono upande wa kivuli, nikakuta rangi ambayo ukinionyesha peke yake ntasema ni tope la Msimbazi, kijani kijani hivi. Na ukiondoa karatasi inarudi kuwa ngozi ya mzee, safi kabisa. Hiyo siku sikupaka kitu. Nilitembea na ile karatasi ndani, nikaangalia ukuta, nikaangalia sufuria, nikamwangalia wife akicheka, meno yake hayakuwa meupe, nikanyamaza sikumwambia.

Fanya hilo zoezi kabla hujanunua hata tyubu moja. Pamoja na lingine, piga picha kazi yako kwa simu uibadilishe iwe blaki endi waiti, na ya asili ifanye hivyo hivyo, ziweke pembeni kwa pembeni. Makosa yangu mengi hayakuwa ya rangi, yalikuwa ya giza na mwanga, na macho yanadanganywa na rangi hayaoni.

Mwezi wa nne mafuta ya kitani yakaisha na hela sina. Nikawa nimesoma mahali kwamba kuna rangi zinatengenezwa na mafuta ya alizeti, nikaingia jikoni, tuna dumu la alizeti ya Singida, nikachanganya. Ndugu zangu. Kupaka ilipakika vizuri, laini kama siagi. Wiki ya kwanza mbichi, ya pili mbichi, mwezi mzima inanata. Unajua rangi hii haikauki kama rangi ya maji inayotoa maji yake ikabaki kavu, yale mafuta ya kitani yanavuta oksijeni kwenye hewa yanageuka taratibu kuwa ngozi ngumu, alizeti ya kukaangia inajivutavuta tu haifiki. Na kipindi hicho masika imeshika, usiku taa imewaka, kumbikumbi wakaingia dirishani kama harusi. Asubuhi shuka ya Socrates ina mabawa. Nikajaribu kuyatoa na kibano, nikaacha mashimo, nikajaribu kuziba mashimo, nikaharibu goti. Hiyo kazi ipo mpaka leo nyuma ya kabati na ukiigusa kwenye goti inanata.

Hapo hapo nikapata lingine la hatari zaidi ambalo naomba usilichukulie mzaha. Matambara niliyokuwa nafutia brashi, yamelowa kitani, nilikuwa nayasokomeza kwenye boksi chini ya meza. Jioni moja najikunja kuokota kofia nasikia joto. Naweka mkono kwenye boksi, matambara ya katikati ni ya moto kama chapati zilizofunikwa, na yana harufu ya kuungua kwa mbali. Hakuna aliyewasha moto. Ile ile kazi ya kuvuta oksijeni inatoa joto, yakikunjwa pamoja joto halina pa kutokea, na yanaweza kuwaka yenyewe. Kwenye nyumba ya vyumba sita wapangaji sita. Toka siku hiyo matambara nayaloweka kwenye ndoo ya maji, au nayaanika nje kwenye kamba moja moja yametandazwa mpaka yakakamae ndo nayatupa. Tapentaini nayo usikae nayo chumba kimefungwa, nilikuwa naumwa kichwa nadhani ni malaria, nikapima mara mbili. Na nawa mikono na sabuni mpaka kwenye kucha kabla ya kula, sisi tunakula na mikono, na baadhi ya nyekundu na njano za tyubu zina madini ambayo hutaki kuyameza na tembele.

Mwisho wa mwezi wa tano nikaacha. Sikugusa kitu wiki tatu, nikarudi kwenye twiga, twiga wanalipa.

Aliyenirudisha ni mtoto wa dada yangu, yuko darasa la nne, anakaa kwetu. Siku hiyo kashika simu yangu, picha ya David iko wazi, na ile yangu iko ukutani inanata. Akawa anaangalia huku, anaangalia kule. Akaniuliza, "Mjomba, mbona wa kwenye simu hajakishika kikombe?"

Nikamwambia kashika, angalia vizuri. Akasema hajashika. Nikachukua simu nikavuta. Hajashika. Mkono wa Socrates uko pale kwenye kikombe, vidole vimefunguka vinakuja, lakini kati ya ngozi na kikombe kuna nafasi, unaona hewa. Kijana mwenye nyekundu bado ndo amekibeba. Na mimi kwenye picha yangu nilikuwa nimemshikisha, vidole vinne na gumba vimezunguka kama mtu anakunywa togwa. Miezi minne naangalia picha hiyo, nimeivuta mpaka kwenye nyufa, nimeipigia gridi ya mraba kwa mraba, na sikuwa nimeona. Nilikuwa najua mzee anachukua kikombe kwahiyo nikachora mzee anachukua kikombe.

Halafu nikaangalia uso. Haangalii kikombe hata kidogo. Yuko kwenye maneno yake, anaongea, na mkono unaenda wenyewe kutafuta sumu kama wewe unavyotafuta chai yako ukiwa unabishana habari za Simba na Yanga. Picha nzima imening'inia kwenye ile nafasi ndogo. Mi nilikuwa nimeiziba na rangi ya bablishi.

Mtoto nilimpa 1,000 akanunue ubuyu.

Kwahiyo mwezi wa sita nikaanza upya, na safari hii sikuchukua picha nzima, ndo ushauri wangu mkubwa kama unasoma haraka haraka: usinakili picha nzima. Nilichukua kipande cha katikati tu, kikombe, mkono wa Socrates, mkono wa kijana na kidogo ya nguo yake, na mkono wa Crito kwenye paja. Kwenye picha halisi ni eneo la kama sentimita 40 upana, nikalikuza mpaka 60. Mikono mitatu. Basi.

Hela: tyubu kubwa ya nyeupe 60,000, kitani chupa mpya 25,000, kahawia moja ya udongo ambayo wauzaji wanaiita amba 18,000, amerikani na fremu ndogo 17,000, na kioo cha dirisha nilichokatiwa kwa 5,000 kiwe paleti maana kioo unakwangua na wembe kinabaki kipya. Hiyo 125,000. Katika zile tyubu kumi za mwanzo nilitumia nne tu, nyekundu ya udongo, njano ya udongo, bluu ya ultramarini na ile nyekundu kali ya nguo, kidogo. Ukinunua amba, nyeupe, hizo mbili za udongo, bluu na nyekundu kali moja, zinakutosha mwaka. Nyeusi hata usinunue kwanza. Bluu na amba zikichanganywa zinakupa giza ambalo halijafa.

Nilianza na mifupa. David kuna picha yake kubwa ya kiapo cha uwanja wa tenisi hakuimaliza, kitambaa kipo Versailles, unaona watu wamechorwa uchi kabisa, wengine vichwa tu ndo vimemalizwa, nguo zilikuwa zije baadae. Yani mzee alikuwa anachora mwili kwanza ndo anavika. Basi na mimi nikamwita jirani fundi cherehani akae kwenye kitanda changu anyooshe mkono kwenye kikombe cha plastiki bila kukishika, nikauchora kwa penseli mara kumi na nne. Kila baada ya dakika tano anauliza kama anaweza kukishika. Nikaelewa mkono ule unachoka wapi na kano zinatoka wapi, halafu ndo nikarudi kwa David.

Tabaka la kwanza ni amba peke yake iliyozimuliwa na tapentaini, inapakwa nyembamba kama chai ya rangi, kivuli unapaka, mwanga unafuta na tambara. Hiyo ilikauka siku mbili, amba ina madini ya manganizi yanayoiharakisha, nyeusi ingekaa wiki na zaidi. Baada ya hapo kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, sio kinyume. La chini likiwa na mafuta mengi linaendelea kujinyonga taratibu huku la juu limeshakakamaa, linapasuka, ni sawa na kupiga plasta juu ya ukuta mbichi, fundi yeyote anajua utakachokiona. Kati ya tabaka na tabaka nilisubiri siku tano mpaka kumi. Kwenye kopo mimi nilizoea kumaliza twiga wawili kwa siku, kwahiyo huo ubichi ulinitesa kwanza, baadae nikaupenda. Rangi ikiwa bado mbichi siku ya pili unaweza kurudi ukasukuma ukingo wa kidole kidogo na brashi kavu ukauyeyusha kwenye kivuli, ile kitu ambacho nilikuwa nakitafuta usiku ule na simu. Rangi ya kopo haikupi hiyo nafasi.

Sehemu zingine zilipokauka zikafifia zikawa kama zimepakwa jivu, nikadhani nimeharibu. Ni mafuta yamenywewa na tabaka la chini. Unafuta mafuta ya kitani kidogo sana na kitambaa unaondoa ya ziada, rangi inarudi, unaendelea. Na kuna wiki mbili niliiweka uvunguni isipate vumbi, nikaikuta nyeupe imekuwa njano njano, moyo ukanipasuka. Kitani kikikaa gizani kinafanya hivyo. Nikaiweka karibu na dirisha, sio juani, siku kadhaa ikarudi.

Nguo nyekundu ya kijana ilinipa furaha kuliko yote na sina cha kukuelezea zaidi ya kwamba niliipaka kwa masaa matatu mchana mmoja bila kusimama na ilitoka. Mkono wa Crito ndo ulinipiga. Umeshika paja la rafiki yake kwa nguvu, na nguvu hiyo hauioni kwenye vidole, unaiona kwenye jinsi nguo ilivyojikunja chini yake. Nilichora vidole mara sita vikawa vimekaa tu juu ya nguo kama vimesahaulika, nikaviacha, nikarekebisha mikunjo miwili ya kitambaa, vidole vikashika. Sijui nikueleze vipi hiyo kitu. Ila gumba sikuliweza. Nimelifuta na kulirudia mpaka kitambaa pale kimekuwa kinene ukipitisha mkono unahisi.

Niliweka brashi chini mwezi wa kumi na moja. Vanishi bado, inatakiwa miezi sita mpaka mwaka rangi ikauke mpaka ndani, kwahiyo mpaka katikati ya mwaka ujao itakaa hivyo hivyo na vumbi lake nalifuta na brashi laini. Ile familia ya marehemu niliwapigia mwenyewe, nikawaambia warudishe picha nirekebishe mikono bure. Wameileta juzi, mzee yuko sebuleni kwangu na ndizi zake, ntaanza naye Jumatatu, ila naye nilimpaka kwa rangi ya kopo, kwahiyo itabidi kwanza nipige msasa.

Socrates yuko ukutani juu ya kochi. Wageni wanauliza wale wawili wanagombania kikombe au vipi, mtoto wa dada ndo anawaelezea, mimi siku hizi hata siongei. Naangalia tu kama wanafika kwenye lile gumba la Crito. Limevimba kidogo upande wa kushoto. Mpaka sasa hajaliona mtu.